Siku Bibi Harusi Alipoachwa Nyumbani

Vijana wangu mlioanza kazi ya etasivili, na nyinyi wengine mnaotafuta tarehe ya kuoana, nimesikia mnabishana jambo gani hutangulia siku ya kufungisha ndoa. Mmoja anasema kitambulisho cha karangamuntu, mwingine mashahidi, na yule kijana mwenye tai anayekalia kiti changu siku hizi anasema kompyuta. Mimi niliyefungisha ndoa pale Rumonge mpaka magoti yakaanza kugombana na ngazi, nawaambia: kwanza zimeni spika. Tumeni mtu nje kwenye tuktuk iliyobeba muziki, aseme kwa adabu kwamba Mama ameomba kimya kidogo. Mnacheka, najua. Hata mimi nilikuwa nacheka, mpaka asubuhi ile Mzee Hamisi wa Minago alipokuja komini kumwoza binti yake, huku binti mwenyewe amemwacha nyumbani.

Lakini nikianzia hapo mtapotea. Ngojeni niwaambie kazi yenyewe kwanza.

Etasivili ni ofisi ya komini, serikali yetu ya mtaa, inayoandika watu wanapozaliwa, wanapooana na wanapokufa. Wakati naanza, jamaa zangu wa mtaa wa Waswahili walinipongeza kwamba nimepata kazi ya kukaa. Sijui walidhani nakaa wapi, maana kiti changu kilikuwa na mguu mmoja mfupi na wateja wangu walikuwa hawanipi nafasi. Asubuhi unaandika kichanga aliyefungwa kwenye nguo mgongoni, mchana unamwandika marehemu, na katikati wanaingia wawili waliovaa vizuri wanatetemeka kama wanaenda kung'olewa jino. Hao wawili ndio niliowapenda zaidi.

Aliyenifundisha ni Mzee Leonidasi, Mkatoliki mrefu mwenye koti la kijivu ambalo hakulivua hata jua la ziwani lilipokuwa linachoma mabati. Alikuwa ameidhinishwa kufungisha ndoa kwa niaba ya musitanteri, ndiye mkuu wa komini, na baadaye idhini hiyo ikaja kwangu. Hilo shikeni mapema. Sauti nzuri haimfanyi mtu awe mfungishaji ndoa, wala suti, wala kuwa mjomba wa bwana harusi. Bila idhini unachofungisha ni midomo tu.

Sheria yenyewe Mzee Leonidasi aliijua kama baba anavyojua watoto wake, yaani alijua na tabia ya kila mmoja. Mwanaume awe ametimiza miaka ishirini na moja, mwanamke kumi na minane. Asiwepo mwenye mke mwingine aliyemficha Kabezi au Bujumbura. Wasiwe ndugu wa karibu. Mashahidi wawe watu wazima wenye akili zao, na waje wakiwa macho. Tulishampata shahidi mmoja, mvuvi aliyetoka ziwani asubuhi ile ile, akalala akiwa amesimama, kalamu mkononi. Tangazo la ndoa libandikwe ubaoni ili mwenye pingamizi ajitokeze. Siku moja mbuzi wa jirani alikula tangazo lote, likabaki pembe moja tu yenye gundi. Familia zikaanza kusema ni mkosi, kuna mtu haitaki ndoa ile. Mzee Leonidasi akatoka nje, akamtazama mbuzi, akarudi akasema mbuzi hana pingamizi linalotambulika. Tukabandika jingine, tukapandisha ubao juu sana, na tangu hapo watu wafupi wa Rumonge wakawa wanawaomba warefu wawasomee nani anaoa.

Mlango nao ubaki wazi, kwa sababu ndoa ya komini ni ya hadhara. Na bendera: wawili wanaishika kwa mkono wa kushoto, wananyanyua wa kulia, ndipo wanaapa. Ninyi mmezaliwa mnaona picha hizo kwenye simu na mnadhani ni rahisi. Bwana harusi akishatishika hajui tena upi ni wa kulia. Nilimwona mwalimu wa hesabu akinyanyua yote miwili kama mtu aliyekamatwa.

Somo kubwa la Mzee Leonidasi lilikuwa moja. Alikuwa akisema kazi yetu ni ya masikio. Nilielewa siku alipokuja bwana harusi mmoja wa mtaani kwetu, kijana mcha Mungu, akaulizwa kama anakubali kumwoa mchumba wake. Akajibu kwa unyenyekevu, "Inshallah."

Mzee Leonidasi akaweka kalamu chini. "Mungu tumemusikia," akasema. "Sasa tunakungoja wewe."

"Inshallah, muzee."

"Kijana wangu, ego ama oya? Ndiyo ama hapana?"

Yule maskini akatazama huku na huku. Kwake yeye kusema ndiyo bila kumtaja Mwenyezi Mungu ilikuwa kiburi. Mimi niliyekuwa msaidizi bado, na ndiye Mwislamu pekee upande ule wa meza, nikamnong'oneza aseme ndiyo kwanza, halafu inshallah aiweke kwenye watoto. Akafanya hivyo, na watu wote wakapumua. Baadaye Mzee Leonidasi akaniambia kwamba kwenye meza ile neno la mtu lazima litoke kinywani mwake mwenyewe, liwe la Kirundi, la Kiswahili au la Kifaransa, na lazima sisi tulisikie. Aliondoka kwenye kazi kabla ya kisa cha Mzee Hamisi. Mpaka leo nasikitika kwamba alikikosa.

Basi tuje Minago. Mzee Hamisi alikuwa mchuuzi wa ndagala kavu, wale dagaa wa ziwani, mtu mkarimu mwenye kicheko kikubwa. Alikuwa ameoza watoto wa kiume watupu. Kwa wana wake alichofanya ni kuvaa kanzu nyeupe, kuja komini, kukaa mstari wa mbele na kupokea pongezi. Bibi harusi kila mara alitokea upande mwingine, kaletwa na watu wengine, na yeye hakuwahi kujiuliza kaletwa kwa nini. Sasa ikafika zamu ya binti yake wa pekee, Zainabu.

Mchumba aliitwa Shabani, kijana wa Nyanza-Lac aliyekulia Tanzania kwenye kambi za wakimbizi, akarudi na wazazi wake na ufundi wa kuchomelea vyuma. Walijuana hivi: Mzee Hamisi alimwita aje Minago amtengenezee geti la ghala la ndagala. Lilikuwa geti dogo, lakini lilichukua muda mrefu kuliko mageti yote ya mwambao huu. Kila likikaribia kwisha, bawaba zilionekana zimepinda. Zainabu ndiye aliyekuwa akimpelekea chai. Mzee Hamisi akampenda sana kijana, kwa kuwa hakunywa pombe, alisali, na hakupandisha bei kwa ajili ya hizo bawaba. Posa ilipokuja akaikubali kabla chai haijapoa.

Alimuuliza binti yake? Hapo ndipo watu wa Minago walipokuwa wakinong'ona. Zainabu alikuwa mtu wa kimya, na kila mwenye kimya watu humjazia maneno yao. Wengine walisema fundi amempendeza baba kuliko binti. Hata siku ya kuleta karatasi komini, alikuja na mama yake, na kila alichoulizwa msichana mama mtu alikijibu. Mimi sikuwepo siku hiyo. Nilisimuliwa, na neno likanikaa rohoni.

Siku ya ndoa ilikuwa Jumamosi, siku ambayo tulikuwa tukifunga ofisi adhuhuri. Nikasikia muziki kabla ya kuona watu. Tuktuk ilikuwa mbele imebeba spika kubwa kuliko dereva, nyuma yake magari ya wageni wa Nyanza-Lac, baiskeli, wanaume wenye kanzu na kofia za vito. Mzee Hamisi akaingia anameremeta, Shabani nyuma yake amevaa suti ya bluu, halafu mashahidi.

"Amahoro, Mama Sada," akasema Mzee Hamisi. "Tuko tayari. Bwana arusi iko hapa, mashahidi iko hapa, na mimi niko hapa. Andika."

"Amahoro, Mzee. Bibi arusi iko wapi?"

"Iko Minago, kwa bibi yake. Iko anapakwa hina."

"Anakuja saa ngapi?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli kabisa. "Kuja kufanya nini?"

Nyinyi mnaocheka, mwelewe kwamba mzee hakuwa mjinga. Kwa nikah ya kwetu ni walii anayesema, baba au kaka, na binti amekaa ndani na wanawake, hana haja ya kuonekana. Huko kunyamaza kwake kunahesabiwa kuwa ridhaa. Mzee Hamisi alichukua desturi ya msikitini akaileta mezani kwangu nzima nzima, akidhani ni nguo inayovaliwa kote.

"Mimi ndiye walii wake," akasema taratibu, kama anayenisaidia nielewe. "Mimi ninasema, yeye ananyamaza. Ni vile tunafanya."

"Kwa sheikh ni sawa, Mzee. Hapa kila mutu anakuja na mudomo yake."

"Sasa mudomo ya Zainabu itasema kitu gani yangu haiwezi kusema?"

"Ndiyo."

"Hiyo hata mimi ninaijua."

Ukumbi wote ukacheka, na Mzee Hamisi naye akacheka, akidhani mambo yamekwisha. Nikamwambia hayajaisha. Bila bibi harusi hakuna ndoa, na bila cheti cha komini sheikh hafungi nikah alasiri, na sheikh wetu hakuwa mtu wa kubembelezwa kwa hilo. Pilau ya Minago ilikuwa imeshapikwa. Wazee wa Nyanza-Lac walikuwa wamekodi magari ya siku hiyo tu. Nilimwona mzee akifuata hesabu hiyo yote usoni, na kile kicheko kikaanza kumwisha.

Nikamgeukia Shabani. "Na wewe, baba, hukuona mchumba hayupo?"

"Shikamoo, Mama," akasema, maana huko alikokulia hata ukizama unaamkia kwanza. "Niliona. Nilidhani atakuja kivyake. Nikaona aibu kuuliza, wasije wakasema nina haraka."

Nani aende? Wanawake wa ndani wasingemtoa bibi harusi kwa kutumwa na kijana yeyote. Ilibidi aende baba mwenyewe, na kwa gari isingewezekana kuwahi, kwa sababu ziwa lilikuwa limepanda likala ukingo wa barabara ya Minago, na magari yalipita sehemu ile kwa zamu na kwa dua. Mzee Hamisi akapanda moto, ndiyo pikipiki ya abiria. Akakunja kanzu mpaka magotini, akaishika kofia kwa mkono mmoja na dereva kwa mwingine, akaondoka akiwa anasoma aya. Watoto wa barabarani wakamshangilia wakidhani ndiye bwana harusi.

Sisi tukabaki. Shabani alikaa, akasimama, akakaa. Alikwenda mlangoni akaukagua, akaniambia bawaba zake ni mbovu, na kama angekuwa na vifaa vyake angezirekebisha. Nikamwambia tumeshasikia habari za bawaba zake. Akainama, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, na akifika akasema hapana?"

"Nitaandika hapana," nikamjibu.

Nilitaka kumtania, lakini nilipoona uso wake nikajuta kidogo. Alikuwa hajui. Miezi yote ya chai na geti, posa na mahari, kijana alikuwa amepewa neno la baba tu, na sasa ndio lilimjia kwamba neno la Zainabu mwenyewe hajawahi kulisikia. Nami pia sikulijua. Nikaona bora nichelewe kufunga ofisi kuliko kuharakisha jambo hilo.

Jua lilikuwa linakaribia utosini waliporudi. Kwanza moto ya Mzee Hamisi, kofia imepotea. Nyuma yake moto iliyombeba mama mtu, halafu ya bibi harusi, halafu ya Bi Asha, somo yake aliyemfunda, mwanamke mnene aliyekuwa anagombana na dereva tangu Minago. Zainabu alikuwa amefunikwa kanga kichwa kizima na amenyoosha mikono mbele kama anayebeba sinia, kwa sababu hina ilikuwa bado mbichi mpaka kwenye viwiko.

Hapo sasa vikaja visa kwa zamu. Mimi lazima nione uso wake nilinganishe na karangamuntu. Bi Asha akasema bwana harusi haruhusiwi kuuona kabla ya nikah. Nikasema mlango hatufungi na watu hatuwatoi, ndoa ni ya hadhara. Tukafanya hivi: mama mtu na Bi Asha wakatanda kanga katikati, Shabani upande wa dirisha, Zainabu upande wangu. Akafunuliwa. Nikaona macho makubwa yaliyotulia, wala hayakuwa yanalia. Hakusema kitu. Kwenye picha ya karangamuntu naye alikuwa hivyo hivyo, mdomo umefungwa sawasawa.

Kikafuata cha bendera. Wa kulia unanyanyuliwa tu, hauna shida. Wa kushoto lazima ushike, na ulikuwa unatiririka hina. Hebu waza bendera ya Taifa, pale penye weupe, na vidole vitano vya kahawia.

"Muvalishe mufuko," akasema shahidi mmoja.

"Mufuko ya plastiki serikali imekataza," akajibu mwingine.

"Ashike na kiwiko," akasema Mzee Hamisi.

"Kiwiko nacho iko na hina," akasema Bi Asha kwa fahari, maana kazi ilikuwa yake.

Nikasema mkono wa kushoto uoshwe. Bi Asha akashika kichwa, kwamba hina haijakolea, kwamba mkono mmoja utakuwa mweusi na mwingine rangi ya machungwa, kwamba watu watauliza bibi harusi ameungua. Wote tukawa tunasema kwa pamoja. Zainabu bila neno akatembea mpaka kwenye ndoo ya maji iliyokuwa pembeni, akachutama, akauingiza mkono wa kushoto. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Bi Asha akaenda kumsaidia kusugua.

Mambo ya mkono huo niwamalizie hapa hapa: wasichana wa Minago waliona ule mkono hafifu na ule mzito wakadhani ni mtindo mpya wa mjini. Kwa muda mrefu wakawa wanaomba kupakwa hivyo, na wakauita hina ya komini. Bi Asha akawa anasema ni ubunifu wake.

Sasa tukafika penyewe. Wakashika bendera, yeye huku na mwenzake kule, kanga katikati yao. Nikasoma vifungu vya wajibu wa mume na mke. Nikamuuliza Shabani kama anakubali.

"Ndiyo, Mama, nakubali kabisa, bila wasiwasi wowote, na nashukuru kwa kuulizwa."

Nikamwambia sheria ilihitaji neno la kwanza tu. Watu wakacheka. Nikamgeukia Zainabu, nikamuuliza kama anakubali Shabani awe mume wake.

Kimya. Nje spika ya tuktuk ilikuwa inapiga kwa nguvu hata kalamu zinatembea mezani. Nikadhani amejibu nikakosa. Nikauliza tena, nikiinama karibu. Midomo yake haikutikisika. Upande wa pili wa kanga niliona viatu vya Shabani vimegeuka ndani, kimoja juu ya kingine.

"Amekubali," akasema Mzee Hamisi. "Kunyamaza ndiyo kukubali, Mama Sada, andika basi, muchana umefika."

"Siandiki, Mzee."

"Mutoto iko na haya tu."

"Inawezekana. Inawezekana pia hataki. Mimi siwezi kusoma kimya, nimefundishwa kusikiliza."

Hapo hakuna aliyecheka. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na ule ulimfikia baba yake. Nilimwona anamtazama binti yake kama anayemtafuta mtu kwenye gati. Nikamwambia shahidi wa mlangoni atoke azime ile spika. Akaenda. Muziki ukakatika katikati ya neno, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile tukayasikia maji ya ziwa kule nyuma ya ofisi.

Ndipo Zainabu akasema, "Mama, naomba swali ulirudie."

"Hukulisikia, mwanangu?"

"Nililisikia. Mara zote mbili." Sauti yake ilikuwa nzito kuliko nilivyotegemea. "Lakini hakuna mutu aliwahi kuniuliza. Na kulikuwa na kelele. Nataka nilisikie vizuri."

Wanangu, nimefungisha ndoa nyingi, na sijawahi kuliuliza swali lile kama nilivyoliuliza mara ya tatu. Nilitaja jina lake lote na la Shabani lote, na neno kubali nikalitamka kama nampa kikombe kilichojaa. Akasikiliza amefumba macho. Alipoyafumbua alikuwa anatabasamu, mashavu yamepanda yote mawili.

"Ndiyo," akasema. Kisha kwa baba yake, kwa heshima kabisa, "Tangu bawaba ya kwanza, baba. Mimi ndiye niliyekuwa nazipinda."

Sasa ukumbi ulipasuka kwa kicheko, vigelegele vya wanawake wetu, impundu, vigelegele vya Kirundi, kutoka kwa wageni waliokuja kuandikisha watoto wao, kila kitu. Mama mtu alicheka mpaka akaachia pembe yake ya kanga, kanga ikaanguka, na Shabani akamwona mchumba wake ana kwa ana kabla ya nikah. Bi Asha akapiga ukelele afumbe macho. Kijana mtiifu akayafunika kwa mkono wa kulia, uleule niliotaka aunyanyue, na mpaka nilipowarudisha wote mahali pao nilikuwa nimechoka kwa kucheka kama waliokuja kucheza ngoma. Wakaapa. Wakasaini. Shabani alisaini nje ya mstari. Nikah ikafungwa alasiri ile, Mzee Hamisi akasema kwa niaba ya binti yake kama desturi inavyotaka. Pilau nililetewa nyumbani, na nilikula mpaka ukoko.

Sasa mnangoja habari ya spika. Nilidhani na mimi nimeshaijua, kwamba ni ili msichana aweze kulisikia swali. Kumbe bado.

Wakati fulani baadaye nilikutana na mama yake Zainabu soko la Rumonge, upande wa samaki. Akaniambia, "Mama Sada, umeniharibia muzee wangu."

"Nimemfanya nini?"

"Tangu siku ile anafikiri. Juzi ameweka kikombe chini, akaniuliza: Mama Zainabu, na wewe wakati ule, ulikubali?"

"Ukamujibu nini?"

"Nikamwambia swali alirudie."

Tulicheka tukashikiliana, muuza samaki akatuuliza kama tumelewa. Mama Zainabu akaniambia bado hajamjibu mpaka siku ile. Mzee alikuwa hapiti ufukweni bila kurudi na samaki wa mukeke mkubwa, wa mafuta, ambao zamani angeuuza, anaweka mezani na kumtazama. Alikuwa ameanza hata kumchotea maji ya kuoga. "Namwacha kidogo," akasema. "Haya matunzo sikuyapata nikiwa musichana."

Kisha kicheko kikamwisha polepole, akawa anapanga samaki kwenye kikapu.

"Lakini nilikubali," akasema. "Si kwa kunyamaza. Nilikuwa nyuma ya pazia, nikasema ndiyo, na mudomo yangu, na sauti. Pale nje walikuwa wanapiga ngoma. Hakuna mutu alinisikia."

Akafunika kikapu chake kwa majani, tukaagana, akaenda kutafuta moto ya kurudi Minago.

Basi, vijana wangu, zimeni spika kwanza.